Ukijani Hautoshi: Kupima Mmomonyoko na Maji Katika Ardhi Iliyochimbwa Madini

Uchimbaji wa mchanga wenye titaniamu katika kaunti yetu ulifika tamati Desemba 2024. Kampuni ya Base Titanium ilikuwa imeanza uzalishaji mwishoni mwa 2013, na shehena ya kwanza ikapakiwa melini Likoni Februari 2014. Kwa miaka hiyo 11 mazungumzo mengi kuhusu mgodi yalikuwa ya kazi, fidia na mrabaha. Sasa yamegeukia ardhi yenyewe: imerudishwa katika hali gani, itatumika kwa nini, na nani atajua kama udongo na maji yake viko salama miaka 5 au 10 baada ya mchimbaji kuondoka.

Somo hili linahusu swali hilo la mwisho. Limeandikwa kwa mkaazi mwenye kisima, shamba, kalamu na daftari, asiye na maabara. Linawafaa walio jirani na eneo la mgodi upande wa Maumba, Nguluku na Msambweni. Linawafaa pia wakaazi wa Bongwe, Ukunda na Diani, ambao wengi wao hudhani mambo ya mgodi hayawahusu. Mbele kidogo tutaeleza kwa nini kisima cha Bongwe kina kazi kubwa katika ushahidi huu.

Ardhi iliyorudishwa ina tabia mpya

Watu wengi huamini kwamba kilima kizima kilipakiwa melini. Sivyo. Madini mazito, yaani ilmenaiti, rutaili na zirkoni, yalikuwa asilimia chache tu ya mchanga uliochimbwa. Mchanga ulichanganywa na maji ukawa uji, ukapitishwa kwenye mitambo iliyotenganisha chembe nzito na nyepesi, na kilichobaki kikarudishwa ardhini. Kwa hivyo sehemu kubwa sana ya kilima bado iko Kwale, ila imeoshwa na kupangwa upya.

Hapo ndipo penye jambo. Udongo mwekundu wa vilima vya Magarini, ule unaoonekana ukitoka barabara kuu ya Lunga Lunga kuelekea bara, ni mchanga ulioshikanishwa na udongo wa mfinyanzi. Takriban robo ya uzito wake ilikuwa chembe laini hizo. Chembe hizo ndizo gundi. Ndizo zinazoshika maji na mbolea hadi mzizi wa muhogo au mkorosho uvifikie. Katika uchimbaji, mchanga na tope laini hutenganishwa: mchanga hurudi shimoni, tope huenda kwenye bwawa lake kubwa. Mchanga uliooshwa ukiachwa peke yake hauna gundi. Maji hupita ndani yake kama kwenye kichujio, mbolea hushuka nayo, na mvua kali ikipiga mteremko chembe huteleza moja moja. Tope nalo likiachwa peke yake hukauka, hupasuka na kugeuka kigumu ambacho maji hayaingii.

Kwa sababu hiyo kazi ya maana katika kurekebisha ardhi ya namna hii hufanyika kabla ya kupanda mche wowote. Tope na mchanga huchanganywa tena kadiri inavyowezekana, mteremko hulazwa, kisha udongo wa juu uliohifadhiwa wakati wa kuchimba hutandazwa. Udongo wa juu una mbegu, majani yaliyooza na viumbe wadogo. Ukikaa miaka mingi kwenye rundo kubwa, vingi vya hivyo hufa, ndiyo maana wataalamu hupendelea kuuchukua sehemu moja na kuutandaza sehemu nyingine mara moja.

Mgeni akipelekwa kuona ardhi iliyorekebishwa huonyeshwa majani. Majani ni mazuri, lakini ukijani huweza kuletwa na mbolea ya msimu mmoja, na nyasi ndefu huficha mifereji midogo inayoanza kuchimbika chini yake. Mkaguzi makini hufungua nyasi kwa mikono na kuangalia ardhi.

Mvua inavyochukua udongo

Ukanda wetu wa pwani katika sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huja wakati wa masika, Aprili hadi Juni, na nyingine wakati wa vuli. Tatizo ni kwamba haiji kidogo kidogo. Tuseme mvua ya siku moja imefika milimita 50. Katika ekari moja hiyo ni takriban lita 200,000, sawa na malori 20 ya maji ya lita 10,000 yaliyomwagwa kwenye shamba moja. Maji hayo yana njia mbili tu za haraka: kuzama au kukimbia.

Yakikimbia, kasi ndiyo adui. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya maji ya kusukuma huongezeka kama mara nne. Mteremko mrefu usiokatizwa huyapa maji nafasi ya kuongeza kasi hiyo. Kwanza huondoka tabaka jembamba ambalo jicho halilioni. Halafu hujitokeza vijifereji vyenye upana wa kidole. Vikiachwa msimu mmoja au miwili, viwili vitatu huungana na kuwa korongo, na korongo likishaanza hupanda juu kuelekea kileleni, kwa sababu maji huporomosha kichwa chake kila mvua inaponyesha.

Ukitaka kuona ardhi inayojua kupokea mvua, simama kando ya Kaya Kinondo au Kaya Muhaka baada ya mvua kubwa. Maji ya tope yanayotiririka kutoka msituni ni machache mno. Matawi huvunja nguvu ya tone, majani makavu hulipokea, mizizi imetoboa njia za kuzamia. Hakuna mtaro wa saruji uliowahi kufanya kazi hiyo vizuri hivyo, ingawa mitaro ya saruji ndiyo hupigwa picha zaidi.

Udongo unaoondoka una mahali unapofikia. Mto Mukurumudzi hutoka upande wa Shimba Hills, hupita kati ya vilima viwili vilivyochimbwa, yaani kile cha Kati na cha Kusini, na humwaga maji yake katika Ghuba ya Gazi. Juu ya mto huo limejengwa bwawa lililohudumia mgodi, na kila tani ya mashapo inayoingia bwawani hupunguza nafasi ya maji. Chini kuna mikoko ya Gazi, ambayo tangu 2013 jamii za Gazi na Makongeni zimeihifadhi kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ya kaboni. Mikoko huvumilia matope ya kawaida, ila ikifunikwa mizizi yake ya kupumulia ghafla, hufa. Nyasi za baharini hufa mapema zaidi kwa kukosa mwanga, na samaki wanaozaliana humo hupungua. Mvuvi anaweza kukaa miaka bila kulikanyaga eneo la mgodi, na bado mmomonyoko wake ukafika kwenye nyavu zake.

Kuyafanya maji yatembee

Kanuni za kuzuia mmomonyoko ni zilezile, liwe shamba la muhogo au mgodi mzima. Ya kwanza ni kukatiza mteremko. Matuta na mitaro huchimbwa kufuata mistari ya usawa, yaani sehemu zote za tuta moja ziwe na kimo kimoja. Kuikisia kwa macho ni hatari, kwa sababu tuta lililoinama kidogo hukusanya maji ya mteremko wote na kuyatoa sehemu moja, nalo korongo huanzia hapo. Chombo cha kupimia ni rahisi: fremu ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Uzi ukikaa kwenye alama ya katikati, miguu miwili iko usawa mmoja. Piga kigingi, zungusha fremu, endelea. Vijana wawili humaliza ekari moja asubuhi moja.

Ya pili ni kuifunika ardhi mapema. Jamii ya kunde hupandwa kwanza kwa kuwa hutandaa haraka na huongeza naitrojeni katika udongo maskini. Kunde na pojo tunazijua sisi wenyewe. Kwenye kingo za mitaro na kuta za mabwawa ya tope, nyasi za vetiva zinafaa sana: mizizi yake hushuka wima mita kadhaa badala ya kutambaa, na mstari wake mnene huchuja tope. Hazitoi mbegu zinazoota ovyo, hupandwa kwa vipande vya shina. Miti ya kienyeji hufuata, na hiyo hutaka subira. Shamba la mivinje peke yake hukua haraka, lakini chini yake mara nyingi huwa hapana kitu ila majani makavu, na mbuga ya namna hiyo haifanani na msitu wa Gongoni au Buda uliokuwa jirani.

Ya tatu ni mabwawa ya kutulizia tope. Hapa ukubwa wa chembe ndio unaoamua, na unaweza kujionea nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja inayoonyesha, jaza maji ya mtaro baada ya mvua, tikisa, iweke mezani. Mchanga mwembamba hufika chini kwa chini ya dakika moja. Vumbi la udongo huchukua saa kadhaa. Chembe za mfinyanzi hukaa siku nzima au zaidi, na maji hubaki na rangi ya chai ya maziwa. Sasa fikiria bwawa dogo ambalo maji hupita ndani yake kwa nusu saa. Mchanga utabaki, lakini tope laini litapita lote kuelekea mtoni. Bwawa linalofaa ni lile linaloyashika maji kwa muda mrefu, lina njia imara ya kumwagia maji ya ziada, na huchotwa mashapo kabla halijajaa. Bwawa lililojaa mashapo halisaidii chochote tena, hata likiwa bado limechorwa kwenye ramani.

Makorongo madogo huzibwa kwa vizuizi vya mawe au vya magunia ya mchanga, kuanzia juu kushuka chini. Wengi huanza chini kwa sababu ndiko uharibifu unakoonekana, na mvua inayofuata huja na kila kitu.

Kupima udongo unaopotea

Chukua vipande 10 vya nondo, kila kimoja sentimita 50. Kabla ya mvua vipige ardhini wima, vilivyotawanyika kutoka juu hadi chini ya mteremko, na kila kimoja kiache sentimita 10 juu. Andika namba na mahali pa kila kimoja. Baada ya masika pima tena. Nondo iliyoacha sentimita 10 ikionyesha 11.2, hapo zimeondoka milimita 12 za udongo. Ikionyesha 9, udongo kutoka juu umejikusanya hapo. Nondo moja peke yake hudanganya, kumi zina wastani.

Milimita 1 ya udongo katika ekari moja ni kama mita za ujazo 4, karibu tani 6. Wastani ukiwa milimita 12, ekari hiyo imepoteza zaidi ya tani 70 kwa msimu, yaani malori 10 ya tani 7. Ukilisema hilo katika mkutano wa wadi, na daftari mkononi, utasikilizwa kuliko aliyesema tu kwamba udongo unakwisha.

Kupima mto

Jambo moja huharibu vipimo vingi vya mto: kuchukua sampuli asubuhi ya jua kali. Mto wowote ni safi siku hiyo. Tope nyingi hupita katika saa za kwanza za maji kupanda, kwa hiyo sampuli yenye maana ni ya wakati huo. Usiingie mtoni maji yakiwa juu. Tumia ndoo na kamba ukiwa darajani au kwenye ukingo imara.

Chukua sampuli mbili kila mara, moja juu ya eneo lililochimbwa na moja chini yake, kwa siku hiyo hiyo. Kama maji ya juu tayari ni ya tope, chanzo kiko mashambani au kwenye barabara za vumbi zilizo juu zaidi, na si haki kuuhesabia mgodi tope hilo. Kama ya juu ni meupe na ya chini ni mekundu, una jambo la kuripoti. Ziache chupa mbili zitulie bega kwa bega, zipige picha pamoja na karatasi yenye tarehe, saa na mahali. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha miligramu 30 za chembe zinazoelea katika kila lita, kwa chanzo cha maji ya nyumbani na pia kwa maji yanayotolewa mtoni. Kupima kiasi hicho kunahitaji maabara. Chupa zako mbili hazitoi namba, lakini huonyesha ni siku gani na mahali gani maabara inafaa kuitwa.

Kupima kisima, na kazi ya Bongwe

Vipimo vya kisima ni viwili: kina cha maji na chumvi.

Kina hupimwa kwa utepe au kamba iliyotiwa alama, yenye uzito mdogo safi mwishoni. Paka rangi alama moja kwenye ukingo wa kisima na upime kutoka hapo daima. Pima alfajiri kabla ya mtu yeyote kuteka, mara moja kila wiki mbili. Osha kamba kwa maji yenye klorini kila mara, maana ni aibu kuleta kipindupindu kwa ajili ya sayansi. Kisima kilichofungwa kwa pampu ya mkono usikifungue mwenyewe, mwachie fundi. Pampu nyingi za Kwale ni Afridev, aina ambayo ilifanyiwa majaribio hapa kwetu miaka ya 1980, na kuna mafundi wanaozijua vizuri.

Chumvi hupimwa kwa kifaa kidogo cha mfukoni ambacho kikundi kinaweza kununua kwa kuchangishana. Vifaa vingine husoma kiasi cha vitu vilivyoyeyuka kwa miligramu, vingine husoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Andika kipimo gani kifaa chako kinatumia, la sivyo atakayekuja baadaye atachanganyikiwa. Kikomo cha kanuni hizo za 2006 ni miligramu 1,200 kwa lita. Maji ya bahari yana karibu 35,000.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu chini ya pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya maji, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia karibu mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Usawa ukishuka mita 1 na kubaki hapo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita nyingi kutoka chini. Ndiyo maana kisima karibu na ufuo wa Diani huweza kugeuka chumvi ingawa bado kina maji tele. Ukame wa 2016 hadi 2017 ulionyesha jinsi hifadhi hii inavyotegemea mvua: watafiti wa mradi wa Gro for GooD, waliofuatilia visima vya eneo la Msambweni, waliona maji yanayoingia ardhini kutoka kwa mvua yakipungua kwa zaidi ya nusu.

Sasa tufike Bongwe. Mkaazi wa jirani na mgodi akiona kisima chake kimeshuka mita 1, atauliza ni mgodi au ni ukame. Peke yake hawezi kujibu. Bongwe iko nje ya bonde la Mukurumudzi lakini hupata mvua ya misimu ileile. Kisima kinachopimwa Bongwe kwa tarehe zilezile ni kisima cha kulinganishia. Vyote viwili vikishuka pamoja na kupanda pamoja, sababu ni mvua. Cha Bongwe kikipanda baada ya masika na cha jirani ya mgodi kikaendelea kushuka, kuna jambo la hapo hapo linalohitaji kuchunguzwa: uchotaji mkubwa, mifereji iliyobadilishwa, au ardhi iliyorudishwa ambayo haizamishi maji kama zamani. Chagua kisima kilicho mbali na visima virefu vya mashine vya hoteli na majumba ya kupangisha, kwa kuwa hivyo hushusha maji kwa sababu zake vyenyewe.

Hapo pia pana faida ya Bongwe kwa Bongwe. Watakaopima kwa ajili ya kulinganisha watakuwa wa kwanza kujua chumvi ya Diani ikianza kusogea bara. Na yeyote aliyechimba shimo la mchanga au la mawe ya matumbawe shambani mwake ana mgodi mdogo: mteremko wake utaporomoka vilevile, na shimo likigeuzwa jalala, matumbawe yana matundu yanayoyapeleka maji machafu kwenye kisima cha jirani upesi kuliko mchanga.

Kuhusu uchafu, tuseme wazi. Vijidudu vya E. koli na naitreti katika kisima kwa kawaida hutoka chooni, kwenye mifugo au kwenye mbolea. Mgodi usilaumiwe kwa kosa la choo kilichochimbwa hatua 10 kutoka kisimani. Sampuli ya vijidudu huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara siku hiyo hiyo.

Wenzetu wanaochimba makaa ya mawe

Msomaji anayefuatilia habari za makaa ya mawe, kama yale ya bonde la Mui huko Kitui ambayo hayajachimbwa, atakuwa amesikia kuhusu maji yenye asidi. Makaa mengi huambatana na madini yenye salfa ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo huyeyusha metali na kuzipeleka mtoni kwa miongo mingi. Mchanga wa pwani umekaa juani na kwenye hewa kwa muda mrefu mno na kwa kawaida hauna salfa nyingi za namna hiyo, hivyo hatari kubwa kwetu ni tope, kina cha maji na chumvi. Hata hivyo pH ipimwe, ibaki kati ya 6.5 na 8.5. Mchanga mzito wa namna hii mara nyingi huwa pia na monazaiti kidogo, madini yenye thoriamu, kwa hivyo mionzi hupimwa na wataalamu wenye vifaa. Hiyo si kazi ya kikundi cha kijiji, lakini matokeo yake mna haki ya kuyaona.

Kitu cha kuiga kutoka kwa makaa ni muda. Marekani ilipitisha sheria ya migodi ya juu ya ardhi mwaka 1977. Chini ya sheria hiyo, wajibu wa mchimbaji wa makaa huendelea kwa miaka 5 baada ya kupanda kwa mwisho katika maeneo ya mvua nyingi, na miaka 10 katika maeneo makavu. Huko waligundua kwamba mimea ya mwaka wa kwanza haisemi lolote kuhusu mwaka wa tano. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji airudishe ardhi katika hali iliyo karibu na ya awali kadiri inavyofaa, na aweke dhamana ya mazingira. Dhamana ikishaachiliwa, korongo litakalofunguka baadaye litatengenezwa kwa fedha za mwenye shamba, za kaunti, au halitatengenezwa.

Daftari lipelekwe wapi

Uhifadhi wa udongo na maji ni miongoni mwa kazi za kaunti katika Katiba ya 2010, lakini madini ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo nakala ziwe zaidi ya moja. Ya kwanza ibaki kwa msimamizi wa wadi. Ya pili iende kwa chama cha watumiaji wa maji cha bonde lenu, ambacho hufanya kazi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Korongo jipya au mto uliogeuka mwekundu huripotiwa kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, ambayo ina uwezo wa kisheria wa kutoa amri ya kurekebisha mazingira.

Mnaweza pia kuomba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi. Ombeni ripoti za ukaguzi wa mazingira za kila mwaka, mpango wa kufunga mgodi, ramani ya visima vya ufuatiliaji, na hasa vipimo vya kina na chumvi vya kabla ya 2013. Hivyo vya mwisho ni vya thamani kuliko vyote, maana ndivyo vinavyoonyesha maji yalikuwaje. Barua iwe fupi, itaje hati kwa jina, na muhifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa kikundi kinachoanza sasa, kipimo cha kwanza cha kisima na nondo za kwanza ziwe tayari kabla ya mvua kuanza. Watu wawili wapime pamoja na wote watie sahihi kwenye kila mstari wa daftari: tarehe, saa, mahali, kipimo, hali ya mvua ya siku tatu zilizopita. Siku iliyorukwa iachwe wazi, isijazwe kwa kukisia.